Ramani isiyosomeka na wenye mji

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa hadhara katika ukumbi wa kanisa moja pembezoni mwa mji wa Kisii. Wananchi walikuwa wamealikwa watoe maoni yao kuhusu rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Ukutani palitundikwa ramani kubwa yenye rangi za manjano, nyekundu, kijani na samawati. Afisa aliyeongoza mkutano, kijana mwenye adabu na mjuzi wa kazi yake, alieleza kwa Kiingereza. Mwenzake alifasiri kwa Kiswahili, kisha mzee wa mtaa akafasiri kwa Ekegusii kile alichokuwa amekisikia kwa Kiswahili. Mambo yalikwenda shwari hadi afisa alipofikia lile neno la Kiingereza ambalo wataalamu hulitumia kwa maana ya kutenga maeneo ya mji kulingana na matumizi yake: hapa makazi, pale biashara, kule viwanda. Mfasiri alisita, akakuna kichwa, kisha akasema, "Serikali itagawa ardhi."

Ukumbi ulichafuka. Katikati ya makelele hayo, mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele aliinuka, akaegemea mkongojo wake, akasema kwa upole ulionitisha kuliko ghadhabu ya wengine, "Mwanangu, ardhi yangu nimekwisha kuigawa. Nina wana wanne. Kimebaki nini ambacho serikali itagawa?"

Mkutano ulivunjika kabla ya saa sita. Baadaye nilisikia ikisemwa kwamba watu wa upande ule ni wapingamizi wa maendeleo. Mimi niliyekuwapo nashuhudia kwamba siku ile hakuna aliyepinga maendeleo. Walipinga kitenzi kimoja.

Msomaji huenda akauliza: mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya wahandisi, wapimaji ardhi na wasanifu wa miji? Swali hilo ni la haki. Sijui kukokotoa upana wa bomba la maji taka, wala sidai kwamba ninajua. Lakini nimeitazama Kisii ikikua kwa muda mrefu, na nimefikia kauli ambayo ningependa tuijadili pamoja. Nasema hivi: mji wetu hauwezi kupangwa bila ridhaa ya maelfu ya wenye mashamba, na ridhaa hiyo haiwezi kupatikana kwa lugha ambayo wenyewe hawaielewi. Kwa sababu hiyo, lugha ya mpango ni sehemu ya mpango, kama zilivyo barabara na mitaro.

Hebu kwanza tupime ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya mwaka wa 2019 iliihesabu Kaunti ya Kisii kuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 katika kila kilomita ya mraba, na Nyamira zaidi ya 670, ilhali wastani wa taifa zima ulikuwa watu 82. Mji wa Kisii peke yake ulikuwa na wakazi 112,417. Mji wa kiasi hicho si mkubwa mno. Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na Eldoret Agosti 2024, baadhi yetu tulianza kuota kwamba zamu yetu i karibu. Marekebisho ya sheria ya miji ya mwaka wa 2019 yanataka watu 250,000 kabla ya kutaja neno jiji. Hata hivyo, takwimu hizi zinatuficha jambo moja. Ukitoka Kisii kuelekea Suneka, au Mosocho, au Keroka, huoni mahali mji unapoishia na mashambani kunapoanzia. Nyumba zinafuatana na barabara, migomba inafuatana na nyumba, kisha gorofa inachomoza katikati ya mahindi. Kusema kweli, Gusii nzima inageuka kuwa mji mmoja mrefu, na mji huo haukupangwa na yeyote.

Mji huu haukuanza hivyo. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake hapa mwaka wa 1907, kati ya misafara miwili ya kijeshi, ule wa 1905 na ule wa 1908, iliyowatiisha Abagusii kwa bunduki na moto. Ilijengwa boma, yakafuata maduka ya Wahindi, na Wanubi wakapata makazi yao ambayo jina lake, Nubia, lingalipo. Wenyeji waliupa mji jina la Bosongo. Wazee hulifafanua jina hili kuwa mahali pa Abasongo, yaani Wazungu. Kiambishi bo- ndicho kile kile tunachokiona katika Bobasi na Bonchari, nchi za koo zetu. Kwa maneno mengine, wenyeji walitaja nchi ya kila ukoo kwa jina la ukoo huo, na walipofika mjini wakataja ukoo wa wageni. Waswahili wa pwani wangesema Uzunguni.

Sitaki tulipuuze jina hilo. Linatueleza kwamba tangu mwanzo mji ulionekana kuwa wa watu wengine, mahali pa kwendea kulipa kodi, kushtakiwa na kununua chumvi, kisha mtu akarudi kwake. Mji wa namna hiyo ulipangwa na afisa mezani pake, wala hakuhitaji kumuuliza mtu. Ardhi ya boma ilikuwa chini ya serikali, amri ilitosha, na lugha ya amri ilikuwa ya mtoa amri.

Leo hali imegeuka kabisa. Mji umevuka mipaka ya boma, ukaingia katika mashamba ya watu binafsi yaliyosajiliwa, ambayo kila moja lina mwenyewe. Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo, na ili tukielewe hatuna budi kuyatazama mashamba yenyewe.

Nchi ya Gusii ni ya vilima na mabonde. Barabara hupita mgongoni mwa kilima, na chini bondeni kuna kijito. Shamba la kawaida ni ukanda unaoteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Baba alipowagawia wanawe, alitaka kila mmoja apate haki sawa: apate njia ya kutokea juu na maji ya kuteka chini. Kwa hiyo aliukata ukanda kwa urefu wake. Wanawe walipowagawia wajukuu walifanya vivyo hivyo. Ukanda uliokuwa na upana wa kuchezea mpira leo ni mwembamba kama ujia, lakini bado unateremka kutoka kileleni hadi bondeni. Mgawanyo huo ulikuwa na hekima kubwa katika nchi ya wakulima. Ulijali usawa, ukazuia ugomvi baina ya ndugu.

Mji unapoyafikia mashamba hayo, hekima ile ile huwa kikwazo. Mwenye ukanda hujenga gorofa juu, barabarani, akapangisha. Nyuma yake anajenga vyumba vya mabati, na nyuma ya hivyo choo cha shimo. Jirani yake anafanya hivyo, na jirani wa jirani pia. Hakuna barabara ya kukatiza ubavuni mwa kilima, kwa kuwa barabara hiyo ingepita katika kanda za watu hamsini, na hakuna hata mmoja kati yao anayeona sababu ya kutoa mita tatu zake peke yake. Nyumba ya bondeni ikishika moto, gari la zimamoto halina njia ya kuifikia. Mama akishikwa na uchungu wa uzazi usiku wa mvua, hubebwa mgongoni hadi juu. Bomba la maji taka, ambalo kwa kanuni ya maumbile lapasa kufuata bonde, lingelazimika kupita mkiani mwa kila ukanda. Kwa kuwa halipo, uchafu wa kilima kizima huteremka na mvua hadi kijitoni, na mvua ya Gusii si haba. Anayetaka ushahidi na asimame kando ya mto Nyakomisaro, unaopita mjini Kisii, atazame jinsi majengo yalivyousogelea.

Gharama ya mambo haya haihesabiwi kwa fedha pekee. Mnamo Oktoba 2016, jengo lililokuwa likijengwa mjini Kisii liliporomoka na kuua watu. Siku kadhaa taifa lilitazama waokoaji wakifukua vifusi. Baada ya kila msiba wa namna hiyo tunasikia wito wa kuwaadhibu kontrakta na maafisa walioidhinisha ujenzi. Wakosefu waadhibiwe, hilo sina shaka nalo. Lakini tujiulize pia kwa nini mtu hujenga gorofa tano juu ya ukanda mwembamba kwenye mteremko. Hujenga kwa kuwa ana ardhi ndogo, ana wana wengi, na hakuna aliyemweleza kwa lugha yake kanuni za ujenzi zinamtaka afanye nini na kwa faida ya nani. Kwake yeye, kibali cha ujenzi ni karatasi ya Kiingereza inayonunuliwa.

Je, kuna dawa? Ipo, na wengine wameitumia. Mwaka wa 1902 mji wa Frankfurt nchini Ujerumani ulipata sheria, iliyoasisiwa na meya wake Franz Adickes, ya kuyaunganisha mashamba membamba ya pembezoni, kutoa sehemu ya barabara, kisha kuwarudishia wenyewe viwanja vilivyonyooka. Wajapani waliikuza njia hiyo na kuitungia sheria kamili mwaka wa 1954, na miji yao mingi ilijengwa upya kwa njia hiyo. Kila mwenye shamba humega kidogo kwa ajili ya barabara na mitaro. Shamba lake hupungua ukubwa, lakini thamani yake hupanda, kwa kuwa sasa linafikika, lina maji na lina njia. Hakuna anayefukuzwa. Jirani hawi tajiri kwa hasara ya jirani.

Zingatia sharti moja la sheria ya Japani. Wenye mashamba wanapounda chama cha kuifanya kazi hiyo, hawawezi kuendelea hadi thuluthi mbili yao wakubali. Thuluthi mbili! Tuchukue bonde moja lililo kando ya mji wa Kisii, lenye kanda mia tatu. Ili kukata barabara moja na kulaza bomba moja, twahitaji watu mia mbili waseme ndiyo. Watu mia mbili hawawezi kusema ndiyo kwa jambo wasilolielewa. Wakisema ndiyo leo kwa kutojua, kesho watakwenda mahakamani, au watang'oa vigingi usiku. Kwa hiyo narudi pale pale nilipoanzia: kazi ya kwanza ya mpango ni kueleweka.

Sheria zetu zinalijua jambo hili. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kisha inaitaka dola iendeleze lugha za wenyeji. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaagiza kwamba habari zinapotangazwa, lugha ya mahali izingatiwe. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inampa mwananchi nafasi ya kuisoma rasimu na kuipinga kabla haijapitishwa. Maneno yote hayo ni mazuri. Lakini haki ya kupinga waraka usioweza kuusoma ni sawa na kumkaribisha kipofu kwenye maonyesho ya picha, kisha ukamlaumu kwamba hakusifu wala hakukosoa.

Wengine watasema: si tumekuwa tukifasiri? Naam, twafasiri, tena papo kwa papo, kwa kinywa cha yeyote aliyepo. Mifano ni mingi, nami nitataja miwili zaidi ya ule wa kugawa ardhi.

Wa kwanza ni ile ardhi iliyotengewa barabara, ambayo mara nyingi hufasiriwa kuwa hifadhi ya barabara. Kwa sikio la mkazi wa kusini mwa Nyanza, hifadhi ni ya wanyama, kama ile ya Maasai Mara au ya Ruma. Ni mahali ambapo binadamu haruhusiwi kulima wala kulisha. Mchuuzi wa ndizi anayeambiwa ameketi hifadhini hucheka kwanza, kisha hukasirika. Angeambiwa tu, "Mama, hapa ndipo barabara itakapopanuliwa," angeelewa mara moja, hata kama hangefurahi.

Wa pili ni mzito zaidi. Ardhi ya ukingoni mwa mto imezoeleka kuelezwa mikutanoni kuwa ardhi ya serikali. Kanuni za maji za mwaka wa 2007 ziliieleza ardhi hiyo kuwa ile ambayo mmiliki wake amewekewa masharti ya kuitunza, nazo kanuni za mazingira zimetaja upana wa kuanzia mita 6 hadi mita 30. Angalia tofauti. Anayeambiwa kwamba mkia wa shamba la baba yake ni wa serikali huchukua panga. Anayeambiwa kwamba mkia huo ni wake, ila asijenge wala asilime hadi majini ili mto usife, anaweza kuuliza maswali, akabishana, pengine akakubali. Tofauti kati ya panga na swali ni sentensi moja iliyofasiriwa vibaya.

Nayasema haya nikikumbuka bwawa la Bonyunyu katika Kaunti ya Nyamira, lililokusudiwa kuwapa maji wakazi wa Kisii, Nyamira na Keroka. Wenyeji wengi walilipinga wakihofia kuhamishwa. Sitasema kwamba hofu yao ilitokana na tafsiri mbovu, kwa kuwa anayeambiwa ahame ana haki ya kuhofu katika lugha yoyote. Ninachosema ni kwamba mji una kiu na maji yako katika shamba la mtu, na hakuna njia ya kuwakutanisha wawili hao isipokuwa mazungumzo marefu ambayo kila mmoja anayafuata neno kwa neno.

Sasa nizijibu hoja za wale watakaonipinga, maana najua wapo, tena wengine ni rafiki zangu.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya taaluma hii. Hoja hii tumeisikia tangu zama za wakoloni kuhusu kila taaluma, na kila mara imekuwa ya uvivu. Wenzetu wa Tanzania wamekuwa wakisema mipango miji, kiwanja, hati, upimaji na urasimishaji wa makazi kwa muda mrefu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 ilifasiriwa kwa Kiswahili ili mwanakijiji aisome, na mwaka wa 2021 nchi hiyo ilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake. Kisii yenyewe haina ugeni na Kiswahili. Mtu anayetoka Mwembe kwenda soko la Daraja Mbili, akipitia Jogoo, ametaja mitaa mitatu ya Kiswahili kabla hajafungua kinywa kununua kitu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: mbona Dar es Salaam, mji wa Waswahili, umejaa makazi yasiyopangwa? Ni kweli, sehemu kubwa ya wakazi wake huishi katika mitaa iliyojijenga yenyewe. Nakiri kwamba lugha haijengi barabara. Penye rushwa, umaskini na maafisa wachache, hata waraka ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu utakaa kabatini. Lakini lugha inayoeleweka humwezesha mwananchi kujua kwamba kuna waraka kabatini, na kuuliza ni nani aliyeufungia humo. Hilo si tiba kamili. Hata hivyo, sijaona tiba nyingine inayoweza kufanya kazi bila hilo.

Hoja ya tatu ni kwamba vijana wote siku hizi wamesoma na wanajua Kiingereza. Nami huwafundisha vijana hao. Wanajua Kiingereza cha mtihani na cha simu. Kiingereza cha mpango wa ardhi kinanitatiza mimi mwenye shahada ya uzamifu. Isitoshe, anayeamua kuhusu shamba mara nyingi si kijana. Ni baba mzee, ni mama mjane, ni ndugu wanaoketi uani jioni wakijadiliana. Na si ajabu kukuta hatimiliki yenyewe ingali na jina la babu aliyekwisha kuzikwa. Mazungumzo ya uani huendeshwa kwa Ekegusii, na mpango usioweza kuingia katika mazungumzo hayo haujafika Gusii.

Kabla sijatoa mapendekezo yangu, sina budi kuitaja Keroka, kwa sababu ndiyo kioo chetu. Nyamira ilitengwa na Kisii kuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013 kila upande ukawa kaunti yenye gavana wake. Mpaka uliangukia Keroka, mji wa soko katika barabara ya Kisii kwenda Sotik. Tangu hapo kaunti hizi mbili zimezozana kuhusu nani atoze ushuru sokoni. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyika, na nyika hapa ni mchuuzi wa mboga. Ajabu ni kwamba pande zote mbili ni watu wa lugha moja, wenye mila moja na shida moja. Kama kuna mahali ambapo lugha isingekuwa kikwazo, ni hapo. Kwa hiyo Keroka inatufundisha kwamba lugha moja haitoshi ikiwa hakuna meza moja ya kuketi. Lakini inatufundisha pia kwamba mji mmoja hauwezi kuwa na mipango miwili, wala bonde moja mabomba mawili, eti kwa kuwa mstari umepita katikati.

Napendekeza mambo manne, yote yawezekanayo.

Kwanza, kila mpango wa mji katika Kisii na Nyamira uwe na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, utolewe siku moja na ule wa Kiingereza, wala si baada ya miezi sita. Ramani iandikwe majina ambayo watu huyatumia: kijito kiitwe jina lake, kilima jina lake, kanisa na soko majina yao. Mtu akiona jina la kijito chake hujua pa kuutafuta ukanda wake.

Pili, iandaliwe faharasa ya maneno mia moja ya mipango miji. Wapangaji miji waketi na walimu wa lugha, wazee na watangazaji wa redio za Ekegusii kama Egesa FM, wakubaliane kwamba neno hili litaitwa hivi. Kazi hiyo ni ya juma moja. Chuo Kikuu cha Kisii kipo mjini hapa hapa, na wanaisimu hatujawahi kukataa kuitwa.

Tatu, mikutano ifanyike bonde kwa bonde, wala si wadi nzima katika ukumbi mmoja. Wenye kanda za bonde moja ndio watakaoshirikiana barabara na bomba. Waketi wao, wazungumze kwa lugha yao, na kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwa lugha hiyo hiyo na kusomwa kabla ya kutiwa saini.

Nne, kaunti hizi mbili ziandae mpango mmoja wa Keroka, na mmoja wa maji na maji taka kwa mabonde wanayoshiriki. Ushuru ugawanywe kwa hesabu watakayokubaliana. Mto hauulizi ni gavana wa wapi.

Namalizia kwa yule mzee wa ukumbini. Mkutano ulipovunjika nilimfuata nje, nikamwamkia, tukatembea pamoja hadi barabarani. Nilimweleza kwa Ekegusii, kadiri nilivyoweza, kwamba afisa yule hakuja kuigawa ardhi yake. Alikuja kusema kwamba katika bonde lile majirani wangetoa kila mmoja kipande kidogo, ipatikane njia ya gari, na wanawe wanne waweze kujenga bila kuzibana. Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliniuliza njia ingekuwa na upana gani, nani angepima, na kama jirani yake wa juu naye angetoa. Yalikuwa maswali matatu ambayo mpangaji miji yeyote angefurahi kuulizwa. Kisha akatikisa kichwa, akasema, "Basi mbona hawakusema hivyo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nimeliandika swali lake hapa ili wenye kujibu walisome.